Diwani wetu, itisha mkutano



Nafikisha kilio cha wakazi wa kata yetu, mojawapo ya kata zinazolizunguka soko la Kariakoo. Jina la kata naliacha kwa makusudi, kwa kuwa nimezungumza na wenzetu wa kata za jirani na malalamiko yao ni haya haya.

Hatuna mikutano. Tangu tupige kura ya serikali za mitaa Novemba 27, 2024, mtaani kwetu hatujaitwa hata mara moja kusomewa mapato na matumizi. Ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa una tangazo la chanjo ya watoto lililokwisha pauka, namba ya simu ya mtendaji aliyehamishwa zamani, na karatasi ya fundi wa friji. Muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata hauonekani, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani, wajumbe wake ni hao hao wenyeviti wa mitaa tuliowachagua. Ukienda kuuliza unaambiwa mwenyekiti wa mtaa yuko kwenye kikao. Ofisi imebaki ya kugonga muhuri kwenye barua za utambulisho, za benki, za kitambulisho cha taifa (NIDA), au za kumdhamini kijana polisi.

Wapo watakaosema mkutano ni maneno matupu. Kwa sisi wa Kariakoo ni suala la uhai. Novemba 16, 2024, siku 11 tu kabla ya uchaguzi huo, ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo asubuhi watu wakiwa katika shughuli zao, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Kabla ya hapo, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Misiba hiyo tumeizika, na bado uchimbaji wa viwanja unaendelea. Mtaani kwetu kuna kiwanja kinachochimbwa usiku. Saa saba usiku tipa linapakia udongo, taa zimeelekezwa shimoni, na ukuta wa jirani yetu mmoja, mama mjane, umepasuka kuanzia chini ya dirisha hadi kwenye msingi, kidole kinaingia. Nani ametoa kibali? Wanachimba kwenda kina gani? Mkaguzi alifika lini mara ya mwisho? Tunajua kibali hakitolewi na diwani. Lakini yeye ndiye mwenye nafasi katika Baraza la Madiwani, ndiye anayeweza kusimama akamuuliza mhandisi na akajibiwa. Sisi tutamwambia wapi, kama hatukutani naye?

Na wanaoumia si wakazi peke yao. Mchana kata yetu hujaa wenye fremu, wamachinga, wapagazi na wasukuma mikokoteni. Wengi wao wanalala Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara, na huko ndiko walikojiandikisha kupiga kura. Hapa wanalipia leseni na ushuru, kura zao ziko kwa diwani mwingine. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha tatizo: wanaoilisha kata hii hawana sauti ndani yake, na sisi wachache wenye sauti hatuitwi. Ndiyo maana mambo yakiwafika shingoni hawafikirii ofisi ya kata, wanafunga maduka. Mei 2023 walifunga, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Kodi walizokuwa wakizilalamikia ni mambo ya Mamlaka ya Mapato (TRA), diwani hahusiki, lakini imejengeka desturi mbaya kwamba Kariakoo haisikilizwi hadi mkubwa atoke juu. Hata biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Februari 2025, sisi tunaolala hapa hatukuulizwa na kiongozi yeyote wa mtaa magari ya mizigo yatapita wapi usiku.

Baadhi ya wazee wenzangu wameanza kusema heri irudi Tume ya Jiji. Wanakumbuka mwaka 1996, Serikali ilipoivunja Halmashauri ya Jiji, na Charles Keenja na wenzake wa tume hiyo wakaliongoza jiji hadi 2000. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Tuliwahi pia kuona serikali za mitaa zikifutwa nchi nzima kuanzia mwaka 1972, miji ikadorora, hadi ikabidi halmashauri za miji zirudishwe 1978. Mtu wa kuteuliwa akikukosea huna kura ya kumtoa. Na mitaa hii si mahali pa kusubiri viongozi wa kuletwa: chama cha TANU kilizaliwa hapa hapa Julai 7, 1954, katika Mtaa wa Lumumba, ulipokuwa ukiitwa New Street.

Namwomba basi diwani wetu na wenyeviti wa mitaa waitishe mkutano Jumapili asubuhi, wakati maduka mengi yamefungwa na njia zinapitika. Wenye fremu na wamachinga waalikwe, hata kama huku hawana kura. Mtendaji asome mapato na matumizi, na asome vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vilivyopata mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Mhandisi aje atueleze ni viwanja gani vina kibali cha kuchimba. Kisha muhtasari ubandikwe ubaoni. Viti tutakuja navyo wenyewe kutoka majumbani.

Tarehe apange yeye, ila iwe kabla ya mvua za masika, kwa sababu ukuta wa yule mama ukilowana utawaangukia watoto waliolala upande wa pili.

Mkazi wa Kariakoo,
Dar es Salaam