Panya, Mvua na Kitanda cha Jirani

Hapa Dodoma tunaomba mvua kila mwaka, na ni haki yetu. Lakini mvua njema hulisha na panya pia. Jike la panya shamba huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na mbegu zikiwa tele hurudia baada ya muda mfupi. Kiangazi kikifika na mashamba yakiwa matupu, kundi hilo hufuata chakula kilipo: kwenye magunia tunayolala nayo chumba kimoja.

Aristotle aliandika kwamba mvua ndiyo inayowamaliza panya wa mashambani. Ni kweli kwa mafuriko yanayojaza mashimo. Mvua inayootesha nyasi huwazidisha.

Hasara haiishii kwenye nafaka. Tauni huenezwa na viroboto wa panya: panya akifa, kiroboto hutafuta damu nyingine. Kule Lushoto ugonjwa huo ulizuka mwaka 1980, ukarudi kwa zaidi ya miaka 20, na watu zaidi ya 7,000 waliugua. Mwaka 2007 uliripotiwa Mbulu, kaskazini mwa Kondoa.

Msiba wa namna hii ukija, wapo wanaosema ni adhabu ya Mungu, na wapo wanaomnyooshea kidole bibi kizee wa jirani. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba Mungu hutenda pia kwa njia ya visababishi vya pili. Kumtambua kiroboto si kumkana Mungu. Ni kumwondolea jirani lawama isiyo yake.

Maoni yangu ni kwamba kazi hii ianzie kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, kabla ya mavuno. Tuulizane: gunia la nani liko sakafuni? Nani analala chini karibu nalo? Sadaka ya Kwaresima ikinunua kitanda au ikajenga kichanja cha nafaka, hayo ni matendo ya huruma. Tukiona panya wengi wamekufa ghafla, tusiwashike kwa mikono; tutoe taarifa zahanati mara moja. Na tusikimbilie sumu peke yake, kwa sababu panya hufa na viroboto hubaki.

Mvua hatuipangi sisi. Mahali anapolala maskini, tunaweza kupapanga.