Filimbi ya mpingo ikerezwe Tanga

Waulize wapiga filimbi wa muziki wa Kiayalandi wanataka ala zao ziwe za mti gani, wengi watautaja mpingo. Mti huo unaota Handeni, na kwa wingi zaidi kusini, Kilwa na Lindi. Tunauchana vipande, tunaupakia melini, na faida kubwa inapatikana huko ng'ambo unakotobolewa matundu. Kazi hiyo inaweza kufanyika Tanga, na katika ala zote za mpingo, filimbi hii ndiyo ya kuanzia.

Klarineti ina vibonyezo na springi nyingi. Bila karakana ya chuma huiwezi. Filimbi ya Kiayalandi inafuata mtindo wa zile zilizotumika Ulaya kabla fundi Mjerumani Theobald Boehm hajakamilisha mfumo wake mpya wa filimbi mwaka 1847: mrija wa mbao, tundu la mdomo na matundu sita ya vidole. Iliyo rahisi haina kibonyezo hata kimoja. Ugumu wake umejificha ndani. Kichwani mrija una upana wa milimita 19 hivi, kisha unafinyika polepole kuelekea mwishoni hadi kama 11 au 12. Mfinyo huo ndio unaofanya sauti za juu zipatane na za chini. Fundi akipotoka kidogo, ala inapiga kando, na vanishi haitaificha. Mafundi wetu wanaokereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi wana mkono tayari. Wanachokosa ni vipimo, pamoja na mwanamuziki wa kuwaambia ukweli, na huyo hayuko mbali: taasisi ya sanaa ya TaSUBa iko Bagamoyo, na chuo cha muziki wa nchi za jahazi kiko Unguja.

Pingamizi zito kuliko yote ni hewa. Mbao iliyokaushwa kwenye unyevu wa Tanga, ikifika Dublin kwenye nyumba yenye hita, husinyaa na kupasuka. Ni kweli, na atakayeipuuza atarudishiwa mzigo wake. Lakini dawa yake inajulikana: kipande kitobolewe tundu dogo kikiwa bado kinene, kiachwe kivulini muda mrefu, ndipo kikerezwe kwa kipimo cha mwisho. Kichwa kisivikwe bomba la chuma kwa ndani, maana chuma hakisinyai pamoja na mti, na hapo ndipo filimbi nyingi kuukuu zilipopasukia. Kwa fundi wa vitanda na ngazi, subira hiyo ni mtaji uliolala. Kwa hiyo aanze na msaji wa shamba la miti la Longuza, ambao ni nafuu, auharibu mpaka ajue.

Wengine watasema tunamaliza misitu. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100, pengine zaidi, kufikia kukatwa, kwa hiyo hofu hiyo ina msingi. Ila filimbi huunganishwa kwa vipande vifupi, na vipande vifupi ndivyo tunavyovitupa au kuvichoma mkaa. Hata sheria ya dunia inaegemea upande huu. Tangu Januari 2017 biashara ya mpingo kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Tangu Novemba 2019 ala ya muziki iliyokamilika imeondolewa kwenye vibali vya mkataba huo, lakini mbao ghafi haikuondolewa. Vibali vya misitu vya hapa nyumbani vinabaki palepale, na vibaki.

Kwa nini tuwachongee Waayalandi, na Wadigo wa Mkinga wana zumari yao? Kwa sababu wanaonunua wapo, na mkono ukishazoea filimbi, zumari nayo itafaidi. Isitoshe, matundu yaliyo wazi humruhusu mpigaji kuteleza kati ya sauti mbili kwa kidole tu, jambo ambalo mpiga taarabu analitafuta.

Mnunuzi naye asidanganywe na mng'aro. Azibe matundu yote sita apulize sauti ya chini kabisa, kisha akaze pumzi sauti ipande ngazi ya pili, aone kama zinapatana. Zisipopatana, fundi yuko hapa Tanga, Ngamiani. Aliyeagiza Ayalandi atapanga foleni posta.