Mto haujui kusoma kibali

Nimekuwa kimya kwa sababu ya testi na maandalio ya masomo, si mnajua tena.

Juzi tumebishana na mwenzangu wa chumbani, anasoma sheria, mpaka saa saba usiku. Yeye anaisifu sana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974. Na kweli ina mazuri yake. Nchi ina mabonde tisa, kila bonde na bodi yake, ukitaka kuchepusha maji ya mto unaomba kibali. Mimi shida yangu ni hicho kibali.

Kibali kinataja kiasi: lita kadhaa kwa sekunde, basi. Sasa mimi ni mwalimu mtarajiwa wa jiografia, na mto hauna kiasi kimoja jamani! Chukua Pangani. Maji yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanajaa Nyumba ya Mungu, yanashuka kuzungusha mitambo ya Hale na ule wa megawati 68 ulioanza 1995, ndipo yanaingia baharini. (Wengi wanalilia theluji ya Kibo, kumbe maji mengi ya mlima ni ya mvua na msitu. Mvua ikivurugika ndipo tutakapokoma.) Juu kuna migomba, mpunga, miwa, na miji ya Arusha na Moshi. Chini kuna wavuvi na umeme, na mdomoni mwa mto maji ya chumvi yanapanda kila mto unapolegea. Wote wanasubiri mto uleule, ambao mwaka huu umefurika na mwakani huenda ukakauka.

Mwenzangu akasema, "Shoga, sheria inaruhusu bodi kupunguza vibali ukame ukija."

Sawa, na hapo ndipo penyewe. Sheria inauona ukame kama dharura, mgeni wa kupita. Tabianchi inavyokwenda, huyu mgeni ameshapitisha siku ya tatu na hatujampa jembe. Waliokuwa Dar mwishoni mwa 2022 wanakumbuka Ruvu ilivyopungua na mgawo wa maji ulivyotutoa jasho. Tena wakati wa dharura, bodi lazima ichague imkate nani. Mwenye shamba kubwa atakuja na mwanasheria na karatasi yake ya lita. Mama mwenye tuta la mchicha mwisho wa mfereji hana wa kumsemea, ataona tu mfereji mkavu.

Mimi nasema kibali kiwe hisa. Yaani baada ya kutenga maji ya kunywa na ya mto wenyewe kuishi, kinachobaki kigawanywe kwa sehemu, na sehemu ipande na kushuka pamoja na mto. Huu si uzungu. Wachagga wamegawana maji ya mifongo kwa zamu tangu enzi za mababu: yakipungua, kila mtu anapata kidogo kwenye zamu yake, na zamu inabaki zamu. Huko Australia nao, kwenye bonde la Murray-Darling, haki ya maji ni hisa, na kiasi cha kutumia kinatangazwa kulingana na maji yaliyopo. Ila wao wanauziana hizo hisa, na hapo siwafuati, maana kwetu matajiri wangezimaliza kabla ya masika.

Mita 60 za kutofanya shughuli kandokando ya mto nazo zina mjadala wake, tuziache kwa leo.

Mwenzangu alibakiwa na hoja moja nzito: hisa inadai mto upimwe kila msimu, na vipimo vinataka hela na mtu wa kukaa navyo. Nakubali. Lakini hata lita zilizoandikwa kwenye kibali, bila kipimo nani anajua kama umezidisha? Wa sheria na wa uhandisi wa maji, hebu nisaidieni hapo, maana ataamka na hoja nyingine.