Mwaka Mpya: Safari Hii Tupande Sisi

Kila uingiapo msimu wa kaskazi, jua likawa kali na bahari ikatulia, pwani yetu hujaa wageni. Wazungu huikimbia theluji ya kwao wakaja Diani, Watamu na Malindi. Watu wa Nairobi, Kitengela na miji mingine ya bara nao hupakia watoto wao wakateremka kuupokea mwaka mpya ufukweni. Sisi wenyeji tumekuwa mafundi wa kupokea: tutapangisha vyumba, tutapika, tutauza madafu, tutamwonyesha mgeni njia ya Ngomeni. Lakini liko swali ambalo ningependa tuulizane leo, wasomaji wapenzi. Je, sisi nasi huenda kwa nani?

Nauliza kwa kuwa jambo lenyewe limebisha hodi nyumbani kwangu. Mwanangu wa kwanza anafanya kazi Kitengela, na mkewe, aliyesilimu kabla ya nikahi, ni binti wa Kimaasai ambaye kwao ni Entarara, katika kaunti ya Kajiado. Wakwe zetu wamekwisha kuteremka pwani mara mbili: mara ya kwanza kwa arusi, na mara ya pili kuja kumtazama mama yangu alipokuwa mgonjwa. Sasa wameleta ujumbe kwamba siku ya kwanza ya Januari wangependa tuwe kwao, wazee kwa watoto.

Basi tukakaa kushauriana, na maneno yakawa matatu. Shangazi yangu alisema mwaka huo si wetu, na Mwislamu hana haja nao. Vijana wakasema kama ni kusafiri, heri twende hoteli yenye bwawa la kuogelea, tukawasalimu wakwe kwa simu. Wengine wakasema bara ni mbali, kuna baridi, na chakula chake hatukijui. Naona hoja hizi zasemwa katika nyumba nyingi za pwani, kwa hiyo nitazijibu moja moja.

Shangazi hakukosea katika jambo la asili. Mwaka wetu wa dini huanza mwezi mosi Muharram, kwa hesabu iliyowekwa zama za Sayyidna Umar kutokana na Hijra ya Mtume ya mwaka 622. Mwaka huo wafuata mwezi, ndiyo sababu huwahi kwa siku kama 11 kila mara ukilinganishwa na ule wa Kizungu. Tena tunao mwaka wa tatu, wa mabaharia na wakulima, ambao siku yake ya kwanza ni Nairuzi, nasi twaiita Siku ya Mwaka. Huo una makumi 36 na siku 5 za ziada, na kwa zama zetu hizi huangukia Julai, wakati wa kipupwe. Kwa hivyo anayetaka kusherehekea mwaka mpya kwenye baridi, Mswahili alimtangulia zamani sana.

Lakini tuitazame hiyo Siku ya Mwaka ilikuwa na nini ndani yake. Watu walikwenda kuoga baharini alfajiri, wakasoma dua, wakala pamoja. Huko Makunduchi, Unguja, ambako Mwaka Kogwa hufanywa hadi leo, wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili vinyongo vya mwaka uliopita viishe, kisha huwa karamu. Na mazoea yao ni kwamba si vizuri nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Hilo ndilo ninalolishika mimi. Wazee wetu waliufungua mwaka kwa kusafisha nyoyo na kukaa na mgeni, na jambo kama hilo halidhuriwi na tarehe.

Sisemi tukeshe usiku wa manane tukipiga tarumbeta na kufyatua fataki. Nasema kwamba serikali imetupangia wakati. Mwisho wa Desemba shule zimefungwa, na viwanda na ofisi nyingi huwapa watu ruhusa; siku ya mosi Januari ni mapumziko ya nchi nzima. Idi hutupa siku moja au mbili, na mtu aliye Kitengela akishafika pwani na kuswali, huanza kufikiri habari ya kurudi. Ikiwa siku za kuwakutanisha ndugu zapatikana katika kalenda ya wengine, tuzichukue tuzitie kazi yetu.

Ama hoja ya vijana, hoteli si haramu wala si dhambi. Lakini mkwe aliyekualika kwake, ukamjibu kwa simu kutoka kando ya bwawa la kuogelea, umemwambia neno ambalo hukulitamka. Yeye alipokuja kwa mgonjwa wetu hakutafuta mahali pa kustarehe. Kuunga udugu ni wajibu unaojulikana na kila aliyepita chuoni, na anayengoja kutembelewa tu hajaunga upande wake.

Tufikie sasa habari ya umbali. Tangu ilipofunguliwa reli mpya Mei 2017, mtu hupanda gari la moshi Miritini asubuhi, na lile linalosimama vituoni humshusha Athi River, karibu kabisa na Kitengela. Wenye kusafiri Desemba wawahi tiketi mapema, maana siku hizo huwa haba, na nauli za mabasi hupanda bila ya haya. Sala haina taabu: safari yetu imepita marhala mbili, kwa hivyo msafiri atakusuru na atakusanya. Ila, kwa madhehebu yetu ya Shafii, akinuia kukaa siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ataswali timamu. Kibla ni kaskazini kama kwetu, kwa kuelekea mashariki kidogo tu.

Na baridi? Kitengela iko yapata mita 1,500 juu ya bahari, na Kajiado ni kaunti pana: upande mmoja wagusana na Nairobi, upande mwingine wafika Loitokitok chini ya Kilimanjaro. Baridi yao kali ni ya Juni hadi Agosti. Januari mchana ni jua, na usiku sweta na blanketi zatosha, ingawa wazee ni vyema wavae soksi.

Ya chakula yataka adabu zaidi kuliko hofu. Mwenyeji wa Kimaasai atataka kukuchinjia mbuzi, na hiyo ni heshima kubwa. Apelekewe habari mapema, kwa upole, na mwanangu ndiye wa kusema: "Baba, tungeomba mmoja wetu ashike kisu, asome bismillahi." Hakuna mkwe atakayekasirika kwa kuombwa kabla, bali atakasirika nyama ikishaiva watu wakakunja mikono. Zawadi nazo zichaguliwe. Papa mkavu abaki Mombasa, maana wafugaji wengi wa jadi hawana mazoea ya samaki. Tuchukue halua, tende, sukari, majani ya chai na leso nzuri za kina mama.

Nina hakika wazee wetu watajiona si wageni sana. Kwa Wamaasai mtoto humwinamishia mzee kichwa, naye mzee akaweka mkono juu yake. Wetu hubusu mkono wa mzee na kusema shikamoo. Vitendo ni viwili, maana ni moja, na wajukuu wangu wanastahili kuviona vyote kwa macho yao, babu na bibi wa pande mbili wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Wakikosa hayo watakulia Kitengela wakidhani upande mmoja wa damu yao ni watu wa kualika, na upande wa pili ni watu wa kualikwa.

Mama yangu amepata nafuu, naye ndiye aliyekata shauri kwa kuuliza koti lake liko wapi. Basi wewe uliye na mkwe, shemeji au dada aliyeolewa bara, usingoje mwaka mwingine. Umri haungoji nauli ishuke.

Tarehe si kitu sana, watu ndio wenye mwaka,
Udugu ni kuonana, si salamu kupeleka,
Walikuja tukaona, nasi kwao tutafika,
Safari ni ya wazima, twende tungali twaweza.