Jukwaa la Jenin na Kidonda Kisichoachwa Kipoe

Wako wasemao kwamba mchezo wa kuigiza ni anasa ya walioshiba, na kwamba mtoto aliyeona nyumba yao ikibomolewa ahitaji mkate na tabibu, si jukwaa. Maneno haya huyasikia hata kwenye baraza zetu hapa Pwani. Walakini na tutazame kambi ya wakimbizi ya Jenin, Palestina.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa intifadha ya kwanza, skuli zikifungwa kila mara, mama mmoja wa Kiyahudi aitwaye Arna Mer-Khamis (mumewe alikuwa Mpalestina) aliingia kambini akawakusanya watoto. Aliwapa karatasi na rangi, kisha jukwaa, lililojengwa kwa fedha za tuzo aliyopewa Sweden mwaka 1993. Mtoto mmoja aliyevunjiwa nyumba aliambiwa: nifanye mimi ndiye jeshi, je, utanitenda nini? Mtoto akamrukia kwa ghadhabu iliyokuwa imemkaba kooni. Ndiyo tiba yenyewe: khofu ikipata umbo na maneno, mtu huitazama mbele yake badala ya kuliwa nayo ndani kwa ndani.

Arna alifariki mwaka 1995. Mwaka 2002 majeshi ya Israeli yaliivamia kambi, na ukumbi ule ukabomolewa. Mwanawe Juliano, katika sinema yake ya mwaka 2004, alionyesha jinsi kadhaa wa watoto wale walivyoshika silaha wakafa. Basi wengine wakasema, tiba imeshindwa. Mimi sikubali. Kidonda kilichofungwa asubuhi kikatoneshwa jioni, yalaumiwaje dawa? Daktari wa maradhi ya akili wa Kipalestina, Samah Jabr, amesema wazi kwamba watu wake hawaugui kumbukumbu ya vita vilivyokwisha, kwani havijakwisha.

Mwaka 2006 Juliano na wenziwe walifungua ukumbi mpya wakauita wa Uhuru. Tarehe 4 Aprili 2011 alipigwa risasi nje ya mlango wake, wala hakuna aliyehukumiwa hadi leo. Vijana hawakuacha kuigiza. Desemba 2023 askari waliuvamia na kuuharibu. Meneja wake, Mustafa Sheta, akawekwa kizuizini bila mashtaka mpaka Machi 2025. Wakati huo kambi yenyewe ilikwisha kuhamwa, kwani tangu Januari wakaazi walifukuzwa kwa maelfu, na wachezaji wakalazimika kutafuta pengine pa kukutania na watoto, nje ya kambi.