Humpigii Kura Waziri Mkuu

Uchaguzi mkuu wa Uingereza ukikaribia, sisi Waswahili wa huku huulizana swali moja, iwe msibani, harusini au saluni: "Wewe unampa nani?" Jibu huwa jina moja kati ya mawili. Mwaka 2019 ilikuwa Johnson au Corbyn. Mwaka 2024 ikawa Sunak au Starmer. Watu hubishana mpaka chai inapoa, nani ana haiba ya uongozi, nani mkweli, nani alijikanyaga kwenye mdahalo wa televisheni. Kisha Alhamisi ya kura inafika, mtu anaingia kituoni, anapewa karatasi, anatafuta jina alilolitetea mwezi mzima, na halimo.

Halimo kwa sababu si mahali pake. Mwaka 2024 jina la Keir Starmer lilikuwa kwenye karatasi za jimbo moja tu, Holborn and St Pancras, katikati ya London. La Rishi Sunak lilikuwa Richmond and Northallerton, kaskazini mwa England. Majimbo yote ni 650. Wapiga kura wa majimbo 648 yaliyobaki hawakuwa na namna ya kumchagua wala kumkataa yeyote kati ya hao wawili. Walichopewa ni orodha ya watu wanaotaka ubunge wa jimbo lao, imepangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo, na nembo ya chama pembeni. Unashika penseli ya kibandani, mara nyingi imefungwa kwa uzi, unaweka alama moja ya mkasi, unakunja, unatumbukiza. Basi. Imani kwamba siku hiyo nchi inamchagua Waziri Mkuu ni imani potofu, na inatuumiza sisi wahamiaji kuliko wengine.

Najua tumeitoa wapi. Tanzania Bara mpiga kura hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kenya anapewa sita, kuanzia rais na gavana hadi mwakilishi wa wadi. Tumekua tukijua kwamba karatasi nzito ni ile ya mkubwa wa nchi, nyingine ni za kusindikiza. Tukifika Uingereza karatasi hiyo haipo, lakini kichwani bado tunaishika. Waingereza wenyewe wametumbukia shimo hilo hilo, hasa tangu 2010 viongozi wa vyama walipoanza kusimamishwa mbele ya kamera kubishana. Tangu hapo uchaguzi wa majimbo 650 unatangazwa kama pambano la ndondi.

Tuhesabu pamoja. Kuanzia Margaret Thatcher alipoondolewa na chama chake mwaka 1990 hadi uchaguzi wa 2024, watu tisa waliingia Downing Street kuwa Mawaziri Wakuu wapya: Major, Blair, Brown, Cameron, May, Johnson, Truss, Sunak na Starmer. Walioingia mara ya kwanza kwa uchaguzi mkuu ni watatu tu: Blair, Cameron na Starmer. Sita waliobaki walikabidhiwa usukani na vyama vyao gari likiwa barabarani. Ukisema unapiga kura ili kuchagua Waziri Mkuu, mara mbili kati ya tatu historia inakwambia mlango aliopitia haukuwa wako.

Yaliyowapata wapiga kura wa 2019 yanatosha kumwamsha yeyote. Desemba 12 mwaka ule mamilioni walisema wamempa Boris Johnson. Chama chake kikapata wingi wa viti 80. Septemba 2022 Boris hayupo. Aliyemrithi, Liz Truss, alichaguliwa na wanachama wa Conservative kwa kura 81,326, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 65. Bajeti yake ndogo ya Septemba 23 ilitikisa masoko, riba za mikopo ya nyumba zikaruka, na siku 50 hazikutimia akaondoka. Oktoba akaingia Sunak, na safari hii hata wanachama hawakupigishwa kura, kwani hakubaki wa kushindana naye. Serikali tatu kwa uchaguzi mmoja. Aliyempigia Boris kura alibaki na nini mkononi? Alibaki na mbunge wa jimbo lake, mtu ambaye pengine hakuwahi kumsoma jina.

Waliokuwa na jina la Truss kwenye karatasi yao walikuwa watu wa South West Norfolk peke yao. Mwaka 2019 walimpa ushindi wa kura 26,195, kiti ambacho kila mtu angekuapia hakitikisiki. Julai 2024 walimwangusha kwa kura 630. Hao ndio waliomhukumu, kwa sababu ndio waliokuwa na haki ya kumhukumu.

Hapa huwa naambiwa: "Ndugu, mbunge ni muhuri tu. Chama kikisema ndiyo, naye ndiyo." Siku nyingi ni kweli. Kila chama kina kiranja wake, mnadhimu kama wasemavyo Dodoma, na kazi yake ni kuhakikisha wabunge wanapiga kura walivyoagizwa. Sisemi chama hakina uzito. Ilani ya chama ni lazima uisome. Lakini Bunge la Uingereza lina siku zake ambazo mtu mmoja mmoja ndiye anayeamua, na siku hizo ndizo zinazobaki kwenye historia.

Machi 28, 1979, serikali ya Labour ya James Callaghan ilipigiwa kura ya kutokuwa na imani. Mbunge wake mmoja, Alfred Broughton wa Batley and Morley, alikuwa taabani huko Yorkshire. Madaktari walionya kwamba safari ya kumleta London kwa gari la wagonjwa ingeweza kumuua. Callaghan akakataa aletwe. Kura zikahesabiwa usiku: 311 kwa 310. Serikali ikaanguka kwa kura moja. Angekuwepo yule mgonjwa, kura zingefungana, na kwa desturi Spika angeiacha serikali iendelee. Broughton alifariki siku tano baadaye, na Mei 3 wananchi wakaenda kwenye uchaguzi uliomwingiza Thatcher. Enzi nzima ya siasa za Uingereza ilipitia kwenye kitanda cha mbunge mmoja ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia.

Tusiende mbali hivyo. Novemba 29, 2024, wabunge walipigia kura muswada wa kuwaruhusu wagonjwa wanaokaribia kufa, katika England na Wales, wasaidiwe kukatisha maisha yao. Sijui suala gani lingewagusa zaidi watu wetu, wawe wa msikitini au wa kanisani. Vyama viliwaachia wabunge wapige kura kwa dhamiri zao. Starmer aliunga mkono. Wes Streeting, waziri wake wa afya, alipinga. Matokeo yalikuwa 330 kwa 275. Miezi mitano kabla, wagombea walipogonga milango yetu, ni wangapi waliwauliza wangepigaje kura juu ya jambo hili? Tulikuwa tumeshughulika na nani ana haiba. Na huyo Streeting alikirudia kiti chake cha Ilford North kwa tofauti ya kura 528 tu, dhidi ya mgombea binafsi asiye na chama.

Au chukua Julai 2025. Serikali iliyoshinda viti 411 ilileta mpango wa kubana posho ya ulemavu, ile tunayoiita PIP. Wabunge wa Labour zaidi ya 120 wakatia saini kuupinga. Serikali ikalegeza kamba mara moja, ikalegeza tena, na Julai 1, muda mfupi kabla ya kura, ikaliondoa fungu lenyewe lililoleta ugomvi. Hata hivyo wabunge wake 49 walipiga kura ya kupinga. Kama una mama mgonjwa anayeishi kwa posho hiyo, lililokuhusu siku ile ni kama mbunge wako alikuwa miongoni mwa waliotia saini. Sura ya kiongozi wa chama isingekusaidia kulijua hilo.

Nina sababu nyingine ya kulishikia bango jambo hili, na hii haimo kwenye vitabu vya historia. Baada ya uchaguzi wa 2024 nilimsindikiza dada mmoja, mzaliwa wa Tanga, kwenda kuonana na mbunge wake. Mumewe alikuwa Tanga akisubiri viza, na ofisi ya serikali iliyokuwa na faili lao ilikuwa kimya kwa miezi. Ilikuwa Ijumaa alasiri, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, viti vya plastiki vimepangwa kwa foleni. Mbele yetu palikuwa na mzee mwenye barua ya kufukuzwa nyumba na kijana mwenye deni la umeme. Dada amepakata faili la plastiki, karatasi zote zimepangwa kwa tarehe, amelala nalo chini ya mto kwa wiki nzima. Mlango ukafunguliwa, mtu akatoka kutukaribisha. Dada akanigeukia, akaninong'oneza, "Huyu ndiye nani?"

Nikamwambia, "Ndiye uliyempigia kura."

Alinyamaza. Mwezi wa Julai alikuwa amesema mbele yangu, kwa fahari kabisa, kwamba kura yake amempa Starmer.

Mbunge hakumuuliza alimpigia nani. Si desturi yao, na hata asiye na haki ya kupiga kura husaidiwa, mradi anaishi jimboni. Akasoma karatasi moja moja, akanakili namba ya faili, akaahidi kuandika. Wiki tatu baadaye jibu likaja: kulikuwa na cheti kimoja kilichokosekana, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Swali alilolijibu mbunge kwa barua moja lilikuwa limemkosesha yule dada usingizi tangu masika. Nina rafiki katika jimbo jingine aliyemwandikia mbunge wake mara nne juu ya shida kama hiyo, akapata barua ile ile iliyochapwa, ya kumshukuru kwa kuwasiliana. Na kwa desturi ya Bunge lao mbunge hashughulikii mtu wa jimbo la mwenzake, kwa hiyo rafiki yangu hana pa kwenda. Tofauti ya watu hawa wawili inaamuliwa kituoni, kwa ile penseli.

Ndiyo maana nasema imani hii inatuumiza sisi kuliko wengine. Mwenyeji mwenye shida ana wakili, ana shangazi anayefanya kazi halmashauri, ana mtu aliyesoma naye. Sisi wengi wetu tuna mbunge tu.

Kuna wanaojitoa kabisa kwa kudhani haki hii ni ya wenye pasipoti ya Uingereza. Hapana. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola, wana haki ya kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa Uingereza wakiwa na umri wa miaka 18, wanaishi nchini kihalali na wamejiandikisha. Pasipoti yako ya Tanzania au ya Kenya inakubaliwa kituoni kama kitambulisho chenye picha, hata kama muda wake umekwisha, mradi sura bado inafanana. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman wao husubiri mpaka wapate uraia. Anayeipata haki hii bila kusubiri, kisha akaipuuza, anawadhulumu na hao wanaoitamani.

Wala usiniambie kura moja haifiki popote. Hendon, kaskazini mwa London, mwaka 2024 ilichukuliwa kwa tofauti ya kura 15. Abiria 14 wa matatu moja na dereva wao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo aamueje, simtajii chama. Namwambia aanze na majina yaliyo kwenye karatasi yake. Kama mbunge aliyepo anagombea tena, kura zake zote bungeni zimeandikwa na ziko wazi kwa kila mtu: alisimama wapi kwenye posho ya ulemavu, alisimama wapi kwenye uhai na kifo, alikuwepo au hakuwepo. Kama ni mgeni, muulize mlangoni anapokuja na vipeperushi: ofisi yako itakuwa wapi, utaonana na watu mara ngapi kwa mwezi, chama kikikuagiza jambo linalowaumiza wa mtaa huu utafanyaje. Asiyeweza kukujibu akiwa anakuomba kura hatakujibu ukiwa unamwomba barua. Hapo ndipo uingize chama na ilani kwenye mizani. Sura ya kiongozi iweke mwisho, kwa sababu kiongozi huyo anaweza asiwepo mwakani.

Uchaguzi ujao lazima ufanyike kabla ya mwisho wa Agosti 2029, na unaweza kuitishwa mapema zaidi. Wa 2024 uliitishwa Mei 22, mwisho wa kujiandikisha ukawa Juni 18, na wengi wetu tulikuwa bado tunabishana kuhusu mdahalo. Usisubiri. Tafuta leo jina la mbunge wako, uangalie alipiga kura gani Novemba 29, 2024. Kama bado hakuwa mbunge siku hiyo, mwandikie umuulize angepigaje.