Kasiksi: mwenye kutoa aonje kwanza

Siku ya posho iliyopita, asubuhi, nilipanda taksi-basi Bukavu, tukapita Mudaka, Miti na Kavumu mpaka upande wa Katana. Rafiki alikuwa amenialika ndani ya sale moja ya parokia. Watengenezaji wa kasiksi walikuwa pale kuonjesha watu kazi ya mikono yao: meza saba, bidoni, chupa, vikombe vidogo, na karatasi ya kuandikia alama. Mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa mkono kwamba ni maonjo ya divai ya ndizi. Nilirudi mjini siku ya yenga jioni na wazo moja lenye halijanitoka kichwani.

Msomaji wa Kivu hahitaji kufundishwa kasiksi ni nini. Ndizi za pombe zinafukiwa shimoni siku chache mpaka ziive. Zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na majani mpaka mutobe utoke. Unga wa mtama uliokaangwa unatiwa ndani, kisha pombe inafunikwa na kuachwa ichache. Kwa kasiksi tunatoa mahari, tunakaa kwenye matanga, tunapatanisha majirani waliogombea mpaka wa shamba. Kwa kasiksi pia mama wengi wa vijiji wanalipa feza ya shule na kununua sabuni na chumvi. Kwa hiyo nisisikike kama mtu wa mji anayekuja kudharau kinywaji cha wazee wake.

Kwetu kuna desturi: mwenye kukaribisha anaonja wa kwanza, mbele ya mgeni. Sababu yake kila mtu anaijua, hata kama hatuisemi kwa sauti. Ni hofu ya sumu, ile watu wa Bukavu wanaita karuho. Mwenye kuonja kwanza anasema bila maneno: kitu ninachokupa, mimi pia ninakikunywa. Ni kiapo. Katika sale ile nilikiona kikirudiwa kwenye kila meza. Mama anamimina, anakunywa kidogo, anafuta mdomo, ndipo anakupa kikombe.

Kwenye meza ya nne nilimuuliza mama mmoja, kwa heshima, maji yake yanatoka wapi. Alinijibu wazi kwamba ni ya kijito kilicho chini ya shamba, na hayachemshi, kwa sababu kuni ni za shida na mama yake hakuyachemsha pia. Hakuficha kitu. Na alikuwa ameonja mbele yangu kama wengine.

Pale ndipo nilielewa. Kasiksi haipikwi. Maji yenye kuosha mtumbwi wa kukamulia, na yale yanayoongezwa juu ya ndizi, yanafika kikomboni vile yalivyo. Nasi tunaishi katika sehemu ya inchi ambako kipindupindu kinarudi kila mara. Desturi yetu inatukinga na mtu mwenye nia mbaya. Haitukingi na maji machafu ya mtu mwenye nia nzuri. Mama yule anaweza kuapa juu ya moyo wake. Hawezi kuapa juu ya kijito.

Mjini hali ni mbaya zaidi, sababu huku hata kiapo chenyewe kimepotea. Bidoni inatoka kijijini, inapita kwa mchuuzi, inapita kwa mchuuzi wa pili, inaishia kwenye nganda. Nani ameonja kwanza? Nani anajua kama njiani hawakuongeza maji, ama sukari, ama kitu kingine? Pembeni yake wanauza kanyanga, na hapo hatari ni kubwa zaidi. Pombe kali ikichanganywa na methanoli, jicho haliioni wala ulimi hauitambui, lakini inaweza kupofusha mtu ama kumuua. Mwenye kuuza anaweza kuonja mbele yako akiwa mkweli kabisa, na mkafa wote wawili.

Maoni yangu ni haya: kasiksi inapouzwa kwa mtu asiyemjua aliyeitengeneza, chupa yenyewe inapaswa kuonja kwanza. Maana yake, iwe na karatasi inayosema jina la mtengenezaji, kijiji chake, tarehe ya kutengenezwa na nguvu ya pombe. Na nyuma ya karatasi ile kuwe na mtu aliyepima. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ina kazi hiyo. Kilomita chache kutoka meza zile saba kuna kituo cha uchunguzi wa sayansi cha Lwiro, kilichoanza tangu wakati wa ukoloni. Elimu haiko mbali na shamba. Kitu kinachokosa ni njia ya kuifikisha.

Najua jibu la watengenezaji, kwa sababu nililisikia pale pale. Wanasema mkaguzi akija, anakuja na kitabu cha risiti, si na kipimo. Wanasema karatasi zikianza, mwenye pesa atachukua kazi na mama wa kijiji atabaki na deni. Hofu hiyo si ya uongo. Ndiyo maana mpango lazima uanze na mafundisho, kodi ije mwisho: kuchemsha maji, kuosha bidoni, kupasha chupa zilizofungwa ndani ya maji ya moto ili pombe isiharibike upesi. Wakijiunga kumi, sufuria moja kubwa na kuni za pamoja zinawatosha. Na pombe ya nyumbani, ya matanga na ya mahari, serikali iiache. Pale kiapo cha zamani bado kinafanya kazi.

Tusiseme pia haiwezekani. Arusha, mji wenye makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, divai ya ndizi inauzwa ndani ya chupa tangu miaka ya 1990. Inchi yetu iliingia katika Jumuiya ile mwaka 2022. Soko liko wazi kwa pande zote mbili, lakini bidoni isiyo na jina haitavuka Ruzizi kwa heshima. Chupa za wengine zitavuka kuja kwetu.

Jambo la mwisho. Meza ya sita ilikuwa tupu. Mama aliyepaswa kuikalia alituma habari kwamba migomba yake imeshikwa na mnyauko. Ugonjwa huu ulionekana Masisi mwaka 2001, na tangu hapo umeharibu mashamba mengi ya Kivu. Ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, hazitoi mutobe. Dawa ya kuuponya hakuna, ila kukata shina lenye ugonjwa, kuvunja ua la chini kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kama wataalamu hawamfikii mama yule, mazungumzo yetu ya karatasi na vipimo hayatakuwa na chupa ya kubandikwa.

Nilirudi nyumbani na chupa moja, ya mama wa meza ya nne, sababu ilikuwa tamu kuliko zote. Baba aliitazama, akaweka glasi mbili mezani, akangoja. Nilijua anachongoja. Nilimimina, nikaonja kwanza, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Lakini nilipompa glasi yake nilijua nimeapa juu ya kitu nisichokijua.